Kovu la Shingo Baada ya Kisu

Kwa miaka mingi kovu la moto lilivuta kidevu changu kuelekea kifuani, na mdomo wa chini ukashuka hata sikuweza kuufumba. Wengi walidhani nautaka upasuaji kwa ajili ya sura, ilhali nilitaka kula bila kudondokwa na mate na kugeuza kichwa kabla ya kuvuka barabara. Kovu la namna hii husinyaa kwa sababu chembe zinazojenga tishu mpya hujikaza mfano wa misuli, na ngozi laini ya shingo haina nguvu ya kulizuia.

Sikujua kwamba sehemu ya hatari ingekuwa usingizi wenyewe. Kichwa kisichorudi nyuma humnyima daktari wa usingizi njia ya kuliona koo, kwa hiyo mpira wa kupumulia ulipitishwa puani nikiwa macho, koo likiwa limetiwa ganzi, ukiongozwa na kamera nyembamba. Ndipo kovu likakatwa hadi kwenye tishu laini, na shingo ilipofunguka likabaki pengo kubwa kuliko kovu lenyewe. Ukanda mwembamba wa kovu huweza kurefushwa kwa mikato ya umbo la Z, lakini langu lilikuwa pana, likahitaji ngozi ya kupandikiza kutoka pajani. Ngozi nyembamba hushika kwa urahisi ila husinyaa zaidi baadaye. Nene husinyaa kidogo, ndiyo maana daktari alichagua iliyo nene kiasi.

Jambo ninalosikitika nalo ni kwamba siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kola ya shingo, kifaa kigumu cha kuvaa kinachozuia kidevu kushuka, ilitajwa kwa sentensi moja tu. Kumbe kola hiyo, inayovuliwa wakati wa kuoga na wa mazoezi peke yake, pamoja na kulala bila mto kwa miezi isiyopungua sita, ndiyo inayolinda kazi yote ya kisu. Kila asubuhi nilipima kwa rula umbali kati ya kidevu na mfupa wa kifua. Mwezi wa tatu joto lilinishinda, nikaiacha kola kwa wiki mbili, na rula ikaonyesha sentimita moja imepotea. Niliivaa tena siku ileile. Ilichukua majuma saba ya mazoezi, mengine yenye maumivu, kuirudisha sentimita hiyo.