Nilivyoiweza Habanera ya Bizet

Mimi ni alto, sauti ya chini ya wanawake, kwenye kwaya ya parokia, na nota nilizokua nazo ni za sol-fa, yaani do, re, mi. Mwaka jana nilitamani kuimba Habanera, wimbo ambao Carmen anajitambulisha nao katika opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya Georges Bizet iitwayo pia Carmen. Nyimbo nyingi za opera nilizozisikia ni za soprano. Huu uliandikiwa mwanamke mwenye sauti nzito kama yangu.

Miezi miwili ulinishinda. Sauti inaanzia juu, inateremka nusu toni kwa nusu toni, yaani kwa hatua ndogo kabisa kati ya nota na nota, na kila nikifika katikati nilikuwa nimeshapotea. Nilijirekodi kwa simu, nikisikiliza natamani kulia.

Mwishowe niliuacha wimbo nikajifunza besi. Selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zinapiga la, mi, do, mi, zinarudia hivyohivyo. Wimbo ukichangamka zinakuwa do, so, mi, so. Niliziimba nikiosha vyombo na nikienda kituoni, mpaka zikaniingia mwilini. Kisha nikazipiga kwenye kinanda kwa mkono wa kushoto huku naimba, na kila nusu toni ikapata pa kuegemea. Kifaransa cha wimbo huo nilifundishwa na mwenzetu wa tenor aliyekulia Bujumbura: “Dada, usiimbe kwanza. Sema tu, kama unaongea na mtu.” Wiki nzima tulisema.

Katika kuhangaika huko ndipo nikamsoma Bizet. Sauti ya Habanera aliichukua akidhani ni wimbo wa asili. Alipoambiwa ni wa Mhispania Sebastián Iradier, aliliandika jambo hilo kwenye kitabu cha nota. Namheshimu sana kwa hilo, maana kwaya zetu huimba nyimbo za watu bila hata kumtaja mtunzi.

Opera ya Carmen ilionyeshwa Paris mara ya kwanza tarehe 3 Machi 1875, ikapokewa kwa ubaridi. Wengi waliudhika kumwona mwanamke wa kiwanda cha sigara akiuawa jukwaani. Tarehe 3 Juni, siku ya kumbukumbu ya ndoa yake, Bizet akafariki, ana miaka 36. Oktoba mwaka huohuo Vienna ikaishangilia. Na simfoni, muziki mrefu wa okestra, aliyoiandika akiwa na miaka 17 ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1935, yeye hayupo kuisikia. Hilo bado linaniuma.

Novemba niliimba ukumbini kwetu, alto wenzangu wakiitikia nyuma. Pale sauti inapoteremka sikuitafuta nota. Nilisikiliza kinanda tu: la, mi, do, mi.