Maneno ya bibi kwenye blogu yangu

Nilianza kuandika blogu mwaka 2011 kwenye kafe ya intaneti pale Tanga, nikilipia kwa nusu saa. Niliandika habari za bibi: alivyosonga bada (ugali wa muhogo), hadithi alizotusimulia umeme ukikatika, maneno ya Kidigo ambayo sasa siyasikii kwa mtu mwingine. Bibi alifariki 2016. Sauti yake sikuirekodi hata mara moja, lakini maneno yake yapo, na binamu zangu walioko Muscat walikuwa wakiwasomea watoto wao. Kwa hilo sijuti kabisa.

Ila kuna andiko moja nililifuta. Nilieleza ugonjwa wa shangazi, kwa uchungu na mapenzi, bila kumwomba ruhusa. Jina sikulitaja, lakini mtaa mzima ulijua. Nilipokwenda kumwamkia aliniambia taratibu, "Mwanangu, ungeniuliza." Nilimwomba radhi huku nikilia. Kufuta hakukusaidia sana, watu walikuwa wameshatumiana kwenye simu.

Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Ada ya leseni ya blogu ilikuwa shilingi 1,000,000, nyingine 1,000,000 kila mwaka, mbali na 100,000 ya maombi. Mshahara wangu haukufika huko. Nikaacha kuchapisha.

Kabla sijaifunga nilinakili kila kitu kwa mkono kwenye daftari kubwa, isipokuwa lile andiko la shangazi. Daftari liko kabatini kwa mama. Nikienda Tanga, shangazi mwenyewe hunitajia maneno mengine ya bibi, nami naandika.