Hshuma

Mkutano umekwisha salama, na juzi Mwanaidi kavishwa pete huko nyumbani mimi sipo (mtanisimulia). Lakini kilichoniweka macho mpaka saa nane za usiku ni yule mama wa hina.

Ilikuwa kwenye uwanja wa Jemaa el-Fnaa, huku Marrakech, Morocco, jua linazama nyuma ya mnara wa Koutoubia. Moshi wa nyama choma umeshaanza kupanda, wauza supu ya konokono wanaita wateja, Wagnawa, wale wanamuziki, wanagonganisha vyuma vyao, na hapa na pale watu wamefanya duara kumzunguka msimulizi au mpiga ngoma. Duara hilo Marrakech wanaliita halqa. Kwa mambo hayo ndiyo Unesco mwaka 2001 ikautangaza uwanja huu kuwa hazina ya urithi wa mdomo. Nami niliposikia mzee mmoja anaanza hadithi yake, mdomo uliniwasha kuitikia "Pakawa!"

Mama wa hina kakaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, mkononi ana bomba la sindano, si koni kama ya bibi. Kiarabu changu mnakijua, cha chuoni, cha kusoma si cha kusema. Ila kwenye bei hakikunitupa.

"Mya," akasema. Mia.

"Ishirini!" Nimekaza uso kama niko sokoni Kongowea.

Akanitazama kitambo. "Hshuma, a bnti."

Mimi nikasikia heshima, binti. Basi moyo ukanijaa, nikaweka mkono kifuani: "Heshima, mama! Heshima!"

Akamgeukia mwenzake wa mwavuli wa pili, wakacheka mpaka machozi. Akanichora kwa ishirini.

Dereva wa teksi ndiye aliyenieleza usiku: hshuma ni aibu. Yaani mtu mzima ananiambia sina haya, nami namwitikia kwa furaha! Ishirini, jamani. Na bibi yangu ndiye huyo huyo anayeumwa mgongo kila sikukuu kwa kuwapaka hina wanawake wa mtaa mzima.

Asubuhi, nikiosha uso, ndipo liliponijia. Hshuma na heshima ni watoto wa mama mmoja. Pengine alichosikia yeye ni "Adabu, mama! Adabu!" Mtoto kataja bei ya kitoto, kisha anamfunza mzee adabu. Nikacheka peke yangu hadi chumba cha pili wakagonga ukuta. Halafu nikaona kuna jani limetambaa mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hilo hatukupatana.

Jioni nilirudi na noti ya dirhamu hamsini. Miavuli ni ile ile, sura siyo. Mmoja akanidaka mkono, akaona umeshachorwa, akauachia.

Nasafiri alfajiri. Na Salma, niliyemwachia paka na ufunguo, hapokei simu tangu Jumanne.