Nilivyopima manjano na mwarobaini kwa kompyuta, Lamu

Nyanya yangu alianza kuniita kwa jina la kakake marehemu. Daktari alipotamka Alzheimer, shangazi alikuwa tayari ameshaweka manjano kwenye maziwa yake ya usiku. Mimi, niliyesomea kemia nikarudi Langoni bila kazi, nikasema ngoja niyapime hayo manjano kwa kompyuta.

Wazo lenyewe si la ajabu. Galantamini, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, asili yake ni maua. Rivastigmini imetokana na utafiti wa fisostigmini, sumu ya maharage ya Calabar, huko Nigeria. Zote mbili huzuia kimeng'enya, yaani protini ya mwilini, kinachovunja asetilikolini, kemikali ya kumbukumbu inayopungua ubongoni mwa wagonjwa hawa.

Umbo la kimeng'enya hicho liko wazi kwenye hazina ya protini mtandaoni. Nilichukua faili la 4EY7, la mwaka 2012, ambamo donepezili, dawa nyingine ya Alzheimer, imenaswa ndani yake. Nikabakisha mnyororo mmoja wa protini, nikaondoa maji, nikaongeza hidrojeni. Programu ilikuwa AutoDock Vina, ya bure, inayokadiria molekuli itakaa wapi kwenye protini na itashika kwa nguvu gani. Kisha nikakusanya molekuli 40 za manjano, mwarobaini, mlonge, mrehani na karafuu.

Usiku wa kwanza nilifurahi bure. Asubuhi kila molekuli ilikuwa na namba yake, na namba hasi zaidi ndiyo nzuri. Nilipoweka donepezili yenyewe, ikapata alama hafifu na kukaa juu ya ngozi ya protini! Kumbe sikubadilisha vipimo vya kisanduku cha kutafutia, eneo ambalo programu huijaribu molekuli. Mahali penyewe ni shimo jembamba lenye kina cha angstromu 20 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), kama kisima, na mimi nilikuwa nateka maji nje ya kisima. Vina haikukataa, maana kazi yake ni kutoa namba, hata ukiielekeza pabaya.

Tangu hapo sikupima mmea wowote kabla ya donepezili kurudi mahali pake, isitofautiane na faili la asili kwa zaidi ya angstromu 2. Umeme nao ulikuwa ukikatika. Nikaandika maagizo mafupi: kila molekuli faili lake, na zilizokwisha zirukwe. Ukirudi, kazi inaendelea ilipokomea.

Matokeo ya maana yalikuwa madogo kuliko nilivyotaka. Vina hupenda molekuli kubwa, kwa kuwa zina sehemu nyingi za kugusa. Azadirakitini ya mwarobaini ina uzito wa daltoni 720 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli), na kikomo cha kawaida cha uzito wa molekuli ya dawa ya kumeza ni 500. Kuingia ubongoni ni kugumu zaidi. Niliitoa. Yujenoli ya karafuu ni ndogo mno, daltoni 164, ikashika kidogo tu. Kurukumini ya manjano, daltoni 368, ilipata alama za kuvutia, na hapo ndipo nilipojizuia: huharibika upesi ndani ya maji ya mwili, hufyonzwa kidogo, na jaribio kwa wagonjwa wa Alzheimer lililochapishwa mwaka 2012 halikuonyesha nafuu.

Shangazi alinikuta barazani. "Haya mwanangu, hiyo kompyuta yako imesema apewe nini?"

"Bado, shangazi. Imesema tu nini cha kujaribu kwanza maabara. Dawa za daktari msiache."

"Na manjano?"

"Yaendelee kwenye mchuzi."

Sasa nimebakiza molekuli 3, na nimemwomba mwenzangu aliye Mombasa azipime kwa njia ya Ellman, ya mwaka 1961, ambayo kimeng'enya kikifanya kazi maji hugeuka rangi ya manjano. Nimemwonya mapema kuhusu kurukumini: yenyewe ni ya manjano, na bila kipimo cha kulinganisha chenye kurukumini peke yake, atasoma rangi ya kiungo akidhani ni kimeng'enya.