Taa Iliyokuwa Nyuma Yangu

Nilikabidhiwa chumba kitupu na siku nne za kukigeuza kuwa mahali pa kupimia usikivu wa watoto wadogo. Niliyepangiwa naye alikuwa dada mmoja aliyenitangulia kazini miaka mingi, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza hatukugusa kifaa. Alizima feni, akafunga mlango, akasema, "Sikiliza tu, mdogo wangu."

Nikasikia maji yakipita kwenye bomba, friji ya chumba cha pili ikinguruma, viatu vya wapita njia. Kipima kelele kilisoma desibeli 47. Sauti ya desibeli 20 ingemezwa humo mzimamzima. Friji ikahamishwa, kingo za mlango zikatiwa mpira, sakafu ikapata zulia na kuta mapazia mazito. Tukashuka hadi 31.

Spika mbili tuliziweka kulia na kushoto, mita moja kutoka kwenye kiti. Juu ya kila spika palikuwa na kisanduku cha kioo cheusi chenye sungura wa kupiga ngoma ndani. Taa yake ikizimwa, sungura haonekani. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kukuambia amesikia, lakini ukimzoesha kwamba sauti ikilia sungura anatokea, atageuza shingo kumtafuta. Ujanja mtupu, ila ni ujanja unaofanya kazi.

Siku nzima iliishia kwenye kusawazisha sauti. Tulining'iniza uzi pale kitakapokuwa kichwa cha mtoto, tukapima hapohapo kiti kikiwa kitupu. Tulitumia sauti za kuyumbayumba, maana sauti iliyonyooka hugonga kuta na kurudi, ikawa kubwa hapa na hafifu kiganja kimoja tu pembeni.

Siku ya kupima, watoto wawili wa kwanza walifanya vizuri ajabu. Wa tatu, binti wa mwaka na kidogo, alikaa mapajani mwa mama yake. Dada alikaa mbele yao akichezesha kikombe kisichotoa sauti. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya dirisha la kioo. Tulianza na spika ya kulia. Desibeli 40, akageuka. 30, akageuka. 20, akageuka tena, na mimi nikajiona fundi.

Dada akaninong'oneza kwenye kipaza sauti, "Sasa usitoe kitu."

Nikainama kama kawaida, kidole juu ya kitufe, nisibonyeze. Mtoto akageuka. Tukarudia. Akageuka.

Dada alinyanyuka, akaniita nikakae kwenye kile kiti, naye akaenda kukaa mahali pangu. Alipoinama, kivuli chake kilipita ukutani, upande uleule wa kulia, kando ya kisanduku. Nyuma ya meza yangu kulikuwa na taa niliyoiwasha ili nione vizuri kuandika. Chumba cha mtoto kilikuwa na mwanga hafifu, changu kinang'aa. Kumbe nilikuwa napima macho.

Tulizima taa, tukafunika nusu ya kioo kwa kitambaa cheusi, tukaanza upya. Safari hii hakugeuka mpaka desibeli 55. Kifaa cha kupima ngoma ya sikio kilichora mstari bapa masikio yote mawili, dalili ya majimaji nyuma ya ngoma, jambo la kawaida kwa umri ule na mara nyingi linalotibika. Nilitegemea mama aduwae. Akacheka kidogo. "Nilijua tu. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, haji. Ila akiniona nimegusa sufuria, tayari yuko miguuni."

Tukamwandikia aende kwa daktari wa masikio. Dada hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinisogezea zile karatasi mbili za asubuhi, nikazipiga mstari mwenyewe, nikashika simu kuwapigia wazazi wawarudishe watoto.