Milimita sita

Betri zilizovuja zina harufu yake, kali kidogo, kama chuma kilicholala kwenye chumvi. Jumamosi binti yangu alivuta droo ya chini ya kabati la Mzee, baba yangu, harufu ikajaa chumbani, naye akaja jikoni ameshika kile kidude cha njano.

"Mama, hii ni simu ya babu?"

Nikamwambia si simu, ni jipiesi, kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha mahali ulipo, babu alikuwa akipimia nayo. Akataka kujua kama niliwahi kwenda naye kupima. Nikasema mara moja tu, tena hatukwenda kupima. Nikaendelea kukuna nazi, lakini moyo ulikuwa umeshapanda Lushoto.

Ilikuwa Julai 2007. Rafiki yangu wa chuo alikuwa amerudi kutoka masomoni Ujerumani na mchezo ambao wengi wetu hatukuwahi kuusikia: mtu anaficha kopo mahali, ndani yake daftari na kalamu, halafu anawapa wenzake kodineti tu, latitudo na longitudo. Ukilipata unaandika jina na tarehe, unalirudisha pale pale. Alitusimulia na asili yake. Mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake, na vipokezi vya raia, vilivyokuwa vikikosea hata mita 100, vikawa vinakosea mita chache tu. Tarehe 3 ya mwezi huohuo Dave Ulmer akaficha ndoo msituni kule Oregon, akatangaza kodineti zake kwenye intaneti. Sasa na sisi tulikuwa na letu, kopo la Blue Band, limefichwa karibu na Irente, nje ya mji wa Lushoto. Nililitazama eneo kwenye ramani ya intaneti pale kafe, picha ikifunguka kipande kwa kipande, kijani kitupu, nikanakili namba kwenye karatasi.

Mzee alikuwa amestaafu upimaji mwaka uliotangulia. Nilipomwomba kipokezi alisema tutakwenda wote, na akachukua shiti yake ya ramani ya 1:50,000, ambayo milimita moja ni mita 50, ndani ya mfuko wa nailoni. Mlangoni, nikiwa nafunga kamba za viatu, aliniuliza, "Umeangalia datamu?"

Nikajibu, "Ndiyo, baba."

Sikujua datamu ni nini. Nilikuwa na haraka.

Ukungu wa Usambara mwezi wa saba hauanguki, unapanda. Unatoka mabondeni unakuja unakulowesha nyusi, na mtu aliye hatua tano mbele yako anabaki sauti tu. Tulipita mashamba ya mahindi, tukaingia kwenye vichaka na mawe. Nilikuwa mbele. Macho yangu hayakutoka kwenye kioo cha kile kidude: mshale mweusi, na chini yake namba zinazopungua. Mia na ishirini. Tisini na tano. Sabini. Kila namba iliposhuka nilihisi furaha ya mtoto anayekaribia kumkamata mwenzake kwenye kibe. Sitini. Mshale ulielekea mbele moja kwa moja, haukutetereka.

"Simama."

Hakupaza sauti. Ndiyo maana nilisimama.

"Usiinue mguu. Sikiliza."

Nikasikiliza. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye majani. Upepo ulinipiga kidevuni, na ulikuwa ukitoka chini kwenda juu. Kisha jogoo akawika, mbali, na sauti yake haikutoka mbele wala pembeni. Ilitoka chini ya miguu yetu. Likafuata lori, dogo kama nyuki, likibadilisha gia huko huko chini.

Mzee akanishika sweta kwa nyuma, kolani, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo tukivuka barabara. Tukakaa hivyo, sijui kwa muda gani. Ukungu ukapasuka kidogo upande wa kushoto, kama pazia lililoshikwa na mtu, nikaona rangi ya tambarare: wekundu wa udongo, mistari ya mkonge upande wa Mazinde, karibu mita elfu moja chini. Jiwe nililosimama juu yake lilikuwa na jiwe jingine mbele yake, na mbele ya hilo hapakuwa na kitu. Mshale bado ulikuwa unanielekeza huko. Sitini.

Turudi nyuma, akasema. Tulipofika kwenye majani akakaa, akakichukua kidude, akabonyeza mara tatu nne, akanyamaza. Datamu, kumbe, ni mfumo ambao namba za mahali hupimwa kwa kuufuata. Kidude kilikuwa kimewekwa Arc 1960, datamu ya shiti zetu za zamani za Afrika Mashariki, uliojengwa juu ya umbo la dunia alilolikadiria Clarke mwaka 1880. Namba za rafiki yangu zilikuwa za WGS84, datamu ya setilaiti na ya ramani za intaneti. Namba zilezile, ukizisoma kwa Arc, hapa kwetu zinakupeleka kama mita 300 kusini ya pale zilipokusudiwa. Akabadilisha, akaniambia niziingize upya. Mshale ukageuka, ukaonyesha tulikotoka.

Kopo tulilipata chini ya mzizi, dakika kumi baadaye. Tuliandika majina. Sikumbuki hata daftari lilikuwa la rangi gani.

Njia nzima ya kurudi Mzee alirudia, "Mimi ndiye niliyekiacha kwenye Arc." Alilisema pale juu, akalisema mashambani, akalisema tena tulipoanza kuziona nyumba za mji. Mimi nilikuwa nyuma yake, na kila mara nilimeza mate. Nilijiambia nitamwambia baada ya chai. Aliondoka duniani miaka minane baadaye, na katika miaka hiyo hakuwahi tena kuniuliza nilichomjibu mlangoni. Huenda alisahau. Huenda alijua tangu pale kwenye majani, akaamua kulibeba yeye. Nimelala na maswali haya usiku mwingi na bado sijui ni lipi ningependa liwe kweli.

Nikaosha mikono, nikaitoa shiti kwenye mfuko wake. Binti yangu aliwasha ramani ya simu akailaza kando, nukta ya bluu ikipumua kwenye nyumba yetu. Kwenye shiti, karibu na Irente, kuna alama mbili za penseli za Mzee, moja juu kidogo ya nyingine. Sikuwa nimewahi kuziona. Lazima alizichora jioni ileile, peke yake.

"Zimeachana kiasi gani?"

"Milimita sita."

Akaweka ukucha wa kidole chake katikati ya zile alama. Ukaenea.

Nikavuta kiti, nikaanza kumsimulia, kuanzia mlangoni, nilipoulizwa nikajibu ndiyo.