Saa kumi na nne na Benzi moja: siku yangu ya kutuni injini hapa Arusha

Saa 12 na robo asubuhi nimeshafungua geti la gereji yetu, mtaa wa Unga Limited, kabla wapaka rangi wa jirani hawajawasha kompresa. Saa hii naipenda kuliko zote. Kumetulia, Meru unaonekana mpaka kileleni, na injini iliyolala nje usiku kucha imepoa hadi ndani. Injini ya hivyo ukiiwasha haikufichi kitu.

Lililolala kwangu ni Mercedes-Benz E 63 AMG ya 2012. Nyuma limeandikwa 63 lakini injini ni ya lita 5.5: V8, tabo mbili za kuisukumia hewa, farasi 525 kutoka kiwandani. Juu ya injini kuna kibao kidogo chenye sahihi ya fundi aliyeiunga kule Affalterbach, Ujerumani, maana pale injini moja huungwa na mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho. Nikifungua boneti ya gari la namna hii, kibao hicho ndicho nakisoma kwanza. Yule bwana hanijui, lakini kazi yake iko mikononi mwangu na najisikia nina deni kwake.

Nikawasha, sikio liko jirani na injini. Hizi zikianza kuumwa cheni hukwaruza sekunde ile ya kwanza ya asubuhi, kisha hunyamaza kama vile hakuna lililotokea. Sikusikia mkwaruzo. Nikavuta kiti, nikafungua laptop.

Naandika haya kwa sababu ndugu zangu wenyewe, tukikutana kwenye harusi au msiba, huniambia nina bahati, nakula hela kwa kukaa na kompyuta kwenye kiti cha Benzi. Kontroboksi, yaani kompyuta inayoiendesha injini, ina programu, na ndani ya programu kuna majedwali ya namba tunayoyaita ramani: injini ikizunguka kasi hii na mzigo huu, cheche itoke nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu, mafuta yaingie kiasi gani, tabo zijaze hewa kiasi gani. Kazi yangu ni kuzisoma ramani hizo na kuzilinganisha na hali halisi ya injini iliyo mbele yangu. Kubadilisha namba huja mwishoni, na siku nyingine hakuji kabisa.

Jioni ya jana nilikuwa nimeshatoa faili lote kwenye kontroboksi. Asubuhi hii nikaliweka ubavuni mwa faili la kiwandani la toleo lilelile, nikaiamuru kompyuta inionyeshe panapotofautiana. Skrini ikajaa wekundu. Mwenye gari hakuwa ameniambia kwamba limeshawahi kutuniwa mji mwingine.

Kwenye gari kama hili, ukikanyaga mafuta unapeleka maombi tu. Programu inalipokea ombi lako la nguvu, inalipitisha kwa walinzi: wa joto, wa giaboksi, wa tabo, wa kunoki. Kila mmoja ana ruhusa ya kulipunguza, na kinachobaki ndicho injini inachopewa. Aliyelishika gari hili kabla yangu aliwaondoa walinzi karibu wote. Jedwali la mipaka ya torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, limejazwa namba moja, kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia, kutoka kisanduku cha kwanza mpaka cha mwisho. Sensa za kunoki nazo amezifunga masikio. Injini ikinoki, yaani mafuta yakijiwakia yenyewe kabla ya zamu yake na kuigonga pistoni kama nyundo, sensa hizo husikia na cheche hurudishwa nyuma papo hapo. Yeye alikipandisha kiwango cha kusikia mpaka injini ingeweza kujigonga bila kontroboksi kujua.

Nikamwambia dogo wangu atoe plagi zote nane. Saa 2 kasoro akaziweka kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda, kama nilivyomfundisha. Ya silinda ya tano nikaishika chini ya taa. Kwenye kigae cheupe kinachozunguka ncha kulikuwa na vitone vidogo vinavyometa, mfano wa chumvi iliyonata. Hiyo ni aluminiamu. Ni pistoni yenyewe, imeanza kung'oka punje kwa punje na kurukia kwenye plagi. Ya nane ilikuwa navyo vichache. Nikazifunga mbili hizo kwenye karatasi, nikaandika namba.

Kati ya saa 2 na saa 4 nilimaliza Crown yenye sensa ya oksijeni iliyokufa, nikaipima Subaru moja kwa mashine na kukuta ni koili tu, nikanywa mtori kwa mama wa kona.

Saa 4 mwenye Benzi akafika. Ni mzee wa makamo, mfanyabiashara, amevaa vizuri, salamu zake nzuri. Kesho yake ana kipaimara cha mjukuu wake Moshi, na alitaka alale huko. "Kijana, tayari?"

Nikamwamkia, nikamweleza hali ilivyo. Lilipokuja jana lilikuwa linalalamikiwa kukosa nguvu. Nilipolipima barabarani, hewa inayoingia kwenye injini ilifika nyuzi 71, wakati nje ni 24. Kwenye injini hii hewa ikitoka kwenye tabo hupozwa na maji ya intakula, na maji hayo husukumwa na pampu ndogo ya umeme. Pampu ilikuwa imekufa. Nyingine niliiagiza usiku uleule Nairobi, ipande gari la abiria la asubuhi, ivuke Namanga, itufikie mchana.

"Sasa pampu ya maji na programu vinahusiana nini? Mimi nimekuja kwa ajili ya programu. Nataka 700."

Farasi 700, alimaanisha. Na alitaka masega, yaani vichujio vya moshi kwenye bomba la ekzosi, yatolewe, kikomo cha spidi kiondolewe, na silensa iwe inapiga kama bunduki akiachia mafuta. Yote hayo ameyaona kwenye video.

Hapa ndipo siku yangu ilipoishia, maana tulizungumza jambo hilihili mpaka mchana. Alitoka, akarudi. Alipiga simu, akarudi. Nikamwonyesha skrini, injini imezimwa, swichi imewashwa tu: shinikizo la hewa ya nje, kilopaskali 86. "Mzee, Dar hapa pangesoma 101. Sisi tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi." Kiwanda kinazitaka tabo zijaze kilopaskali 100 juu ya hewa ya kawaida, yaani 200 na ushee kwa jumla. Pwani ni kuizidisha hewa mara mbili. Hapa, ili kuifikia 200 ileile, ni mara mbili na theluthi. Tabo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na pampu ya kuipoza imekufa. Faili alilouziwa liliandikwa kana kwamba gari linaishi ufukweni.

Nikamwambia pia kwamba kiwanda chenyewe kiliiuza injini hii kwa viwango viwili: farasi 525 na torki ya Nm 700, au farasi 557 na Nm 800, kwa kupandisha shinikizo kutoka 100 hadi 130. Wenye injini yao, wenye maabara na miaka ya majaribio, waliishia hapo kwa E 63 ile. Mimi nikiwa na laptop Unga Limited siwezi kumwahidi 700 nikalala usingizi.

"Kwa hiyo hujui."

Neno hilo liliniuma. Nimekaa usiku mwingi na majedwali haya, nimejifunza Kijerumani cha kuokoteza kwa sababu majina ya ramani yako kwa Kijerumani, nimeshawahi kumlipa mteja kontroboksi niliyoiua mwenyewe miaka ya mwanzo. Nikamjibu kwa heshima kwamba ninajua, ndiyo maana nakataa.

Akampigia fundi mwingine, simu akaiweka sauti kubwa ili nisikie. Huyo akasema ni kazi ya dakika 20. Mzee akanitazama.

Saa 7 umeme ukakatika. Akasema basi tumia betri ya gari, uweke hiyo programu tuondoke, pampu nitafunga Moshi. Kuandika kontroboksi ni kufuta cha zamani na kuingiza kipya, na volti ikianguka katikati unabaki na boksi ambalo si la jana wala si la leo, gari haliwaki tena. Nina betri kubwa mbili na chaja ya kushikilia volti kwa sababu hiyo tu. Lakini hata zingekuwa kumi, nisingeliingiza faili la nguvu kwenye injini isiyopozwa. Akauliza bei tena, kana kwamba hatukuelewana jana. "Laki nane kwa kukaa na kompyuta?"

Sikumjibu. Nikaenda kwenye droo, nikaifungua ile karatasi, nikampa plagi ya silinda ya tano na tochi ya simu yangu. Nikamwambia aangalie kigae, asiangalie ncha. Aliizungusha muda mrefu. Akaikwangua kwa ukucha, punje haikutoka.

"Hii ni nini?"

"Pistoni yako, mzee."

Akakaa kwenye benchi la wapaka rangi. Hakusema tena 700.

Halafu kungoja. Pampu ilikuwa ifike saa 8. Dereva hapatikani. Saa 9 akapatikana, bado yuko mpakani, kuna foleni. Njaa imepita mpaka imejisahau, mgongo unauma, wateja wawili wa kesho wanapiga simu kuuliza kama kesho ni kesho kweli. Karibu saa 11 dogo akarudi na bodaboda, amekumbatia boksi kama mtoto. Pampu ya zamani nikaiunga moja kwa moja kwenye betri: kimya, haikutetemeka hata. Mpya ikalia papo hapo. Kufunga hakukuchukua muda. Kilichotula ni kutoa hewa kwenye mzunguko wa maji, unajaza, unasubiri mapovu, unajaza tena, huku mwanga unaondoka. Plagi mpya nane zikaingia.

Nikarudisha faili la kiwandani kama lilivyo, bila namba yangu hata moja. Tukatoka na mzee kuelekea barabara ya mchepuo, dogo nyuma ameshika laptop. Gia ya pili, kwenye mwinuko, sekunde chache za mafuta yote, basi. Hewa inayoingia: nyuzi 38. Walinzi wote wako kazini na hakuna anayelalamika. Mzee akashika mlango.

"Sasa hii ndiyo programu! Umeiweka saa ngapi?"

"Bado sijaiweka. Hili ndilo gari ulilolinunua."

Akacheka peke yake kwa muda, akasema basi liachwe hivyo. Kisha akatulia, akaniomba niweke kile ambacho mimi mwenyewe ningekiweka kama gari lingekuwa langu. Tuliporudi umeme ulikuwa bado. Nikaunga betri zangu, volti ikasimama 13.6, nikabonyeza. Wakati faili linaingia huwa sitaki mtu aongee wala afungue mlango. Asilimia 40, 41. Kiganja kinatoka jasho hadi leo, baada ya miaka yote hii.

Nguvu niliyompa ni chini ya ile ya juu ya kiwanda, imepangwa kwa hewa yetu: tabo zinasukuma zaidi kidogo katikati, kisha zinalegezwa kule juu ambako zingelazimika kukimbia ovyo. Masega yamebaki. Kikomo cha spidi kimebaki. Milio ya bunduki hakuna, maana ni mafuta yanayoungulia kwenye silensa na kuyachoma masega hayohayo. Faili la kwanza lilifanya silinda ya tano ianze kunoki kidogo, nikapunguza cheche. La pili bado. La tatu likakaa kimya silinda zote nane, na mafuta haya haya ya sheli ya mtaani.

Kulikuwa na giza. Mzee akasema nisindikizane naye kidogo, aone data barabarani akiendesha mwenyewe. Tukapita Tengeru, Usa River, mwendo wa kawaida nyuma ya malori, laptop magotini. Kadiri tulivyoshuka namba ya hewa ya nje ikawa inapanda: 86, 88, 89. Njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA ikasoma 91, na shinikizo lilelile sasa tabo zinalifikia kwa kazi ndogo. Akainama kutazama.

"Hiyo 91 inamaanisha nini?"

Tukakaa pembeni ya barabara, taa za dharura zinawaka, nikamweleza kwa dakika kama kumi. Aliuliza maswali mazuri. Akanilipa yote na nauli juu. Akaniomba ile plagi, akaiweka kwenye kishikio cha kikombe, akapandisha kioo, akaondoka kuelekea Moshi. Niliusikiliza mlio wake ukipanda gia ya tatu, ya nne, safi, mpaka ukapotea.

Ilikuwa saa 2 na robo usiku. Nikavuka upande wa pili kusubiri kostara ya kurudi mjini.